Timu ya Redioni

Mnaonifuata tangu nilipofukuzwa kwenye lori la maziwa mnajua kwamba bahati na mimi, Malachy Drohan, hatukai nyumba moja. Ikija kwangu inasalimia mlangoni na kuondoka. Wiki iliyopita niliwaachia habari njema, na baadhi yenu mkanitumia pongezi. Nimezipokea, asanteni, lakini mngesubiri kidogo.

Kwa aliyechelewa: Ijumaa jioni redio ya kaunti ilimaliza matangazo ya vifo, kama ilivyo ada, ikaitaja timu yetu ya halingi, ule mpira mdogo wa kuchapwa kwa fimbo, itakayocheza fainali ya mkoa wa Munster dhidi ya wenzetu wa ng'ambo ya mto. Namba kumi na nne, mshambuliaji wa kati, Malachy Drohan wa parokia ya Kilbrody. Mama akaangusha sufuria ya viazi. Hakuna mtu wa Kilbrody aliyewahi kuanza fainali ya Munster, hata mmoja, na wazee wetu wamekufa wakiingoja siku hiyo.

Nafasi ile ilikuwa ya Enda Scully, mume wa dada yangu Attracta. Enda aliumia msuli wa paja mazoezini, na tangu hapo mimi ndiye niliyekuwa dereva wake na mbeba begi lake. Nilimwonea huruma kwa moyo wangu wote, mjinga mimi.

Sasa, wa hapa msinicheke. Timu inayotangazwa Ijumaa si lazima ndiyo itakayoingia uwanjani Jumapili. Makocha wetu ni waongo wa daraja la kwanza. Humtaja mtu ambaye hatacheza ili adui ajipange kumkaba huyo, kisha dakika ya mwisho wanamtoa na kumwingiza mwingine. Hata watoto wa chekechea wanalijua hilo. Kila Ijumaa tunasikiliza timu ya redioni huku tukiulizana, "Nani kauziwa mbuzi kwenye gunia safari hii?" Lakini jina likiwa la kwako, akili inafunga duka.

Jumapili asubuhi mke wangu, Dervla, alikuwa anapiga pasi kaptula yangu nyeupe. Dervla ni wa ng'ambo ya mto. Kaka yake, Fintan, ndiye beki wao wa kati, maana yake ndiye angenikaba mimi. Wiki ya fainali nyumba yetu huwa na bendera mbili dirishani, na mbwa huvalishwa utepe wa yule aliyewahi kuamka.

"Shemeji yako anasema atakuvunja mbavu," Dervla akasema.

"Mwambie azihesabu zake kwanza."

"Ukimfunga goli, baba hatakuja kula Krismasi kwetu."

"Basi nitafunga mawili, tupumzike mpaka Pasaka."

Akacheka, lakini hakunitazama. Akairudisha pasi mahali ambapo palikuwa pameshanyooka.

"Mala," akasema, "huko uendako, litakalotokea lolote, usilichukue sana moyoni."

"Litatokea nini?"

"Mpira tu. Nani ajuaye."

Nikadhani ni wasiwasi wa mke. Nikambusu kichwani nikaenda kutafuta soksi.

Mama yangu hatazami mechi zangu. Siku ya mechi huzunguka malishoni na redio ndogo, katikati ya ng'ombe, na akisikia nimeanguka huizima na kuanza kusali. Jumapili ile alitokea amevaa koti lake la misa.

"Mama, utazimia kule."

"Nikizimia wataniokota. Mtoto wa Kilbrody anaanza fainali, mimi nibaki na ng'ombe?"

Akanimwagia maji ya baraka, mimi na fimbo zangu zote na helmeti. Dervla, aliyekuwa amevaa jezi ya kwao, naye akapata yake.

"Wewe nakumwagia ya kukutoa pepo," mama akamwambia.

"Mwaga sana mama, hatoki huyu!" Dervla akajibu, wakacheka wakashikana mikono. Walikuwa wanakwenda pamoja kwenye basi la parokia na wangekaa pamoja. Viwanja vyetu havitenganishi watu kwa rangi za jezi.

Basi la timu lilipopita njia panda ya Kilbrody, nikaliona shuka jeupe limetundikwa kutoka nguzo hadi nguzo, limeandikwa kwa rangi ya kupaka malango: MALACHY, TUKO NYUMA YAKO. Nikalia mbele za watu. Enda, aliyekaa kando yangu na mkongojo wake, akanipa kitambaa.

"Jikaze, shemeji," akaniambia. "Siku yako hii."

Hotelini tukala kuku na wali, tukanywa chai, simu zetu zikakusanywa kwenye ndoo. Kisha kocha akafunga mlango. Kocha wetu ni Batt Shinnors, ambaye siku za kawaida hunadi ng'ombe mnadani, na ana sauti ya kazi hiyo.

"Haya, wanangu. Timu ni ileile, ila mmoja. Namba kumi na nne anaanza Enda."

Nikacheka. Nilidhani Batt anatania ili tutulize mioyo.

Enda akainuka. Akauegemeza mkongojo ukutani, akatembea mpaka mbele bila kuchechemea, akarukaruka pale mbele yetu kama ndama aliyefunguliwa. Watu wakapiga makofi. Kumbe nusu ya chumba ilikuwa inajua.

"Kocha," nikasema, "na mimi?"

"Wewe utavaa kumi na nne. Utapasha misuli moto na wenzako, utaandamana nyuma ya bendi, utasimama wakati wa wimbo wa taifa. Ukiisha tu, kabla mpira haujaanza, unatoka kuwa mchezaji wa akiba, Enda anaingia. Wale wamejipanga kwa ajili yako. Hawatapata nafasi ya kujipanga upya."

"Mngeniambia."

"Tungekuambia, ungemwambia nani?"

Wenzangu wakaanza kukagua viatu vyao.

"Malachy, sina ubaya na wewe," Batt akasema. "Ila unalala kitanda kimoja na ng'ambo ya mto."

Nimefukuzwa kazi, nimevunjwa dole gumba, nimeibiwa baiskeli mlangoni mwa kanisa, na yote nimewasimulia hapa. Hakuna hata moja lililoniuma kama hilo. Nilikuwa nimeitumikia jezi ile majira mazima ya baridi, kwenye matope, bila senti, na mtu huyu aliniona mlango usiofungika.

Nikamfuata Enda chooni.

"Tangu lini?"

"Mala, sikiliza..."

"Nimeuliza tangu lini."

"Tangu mwanzo. Sikuumia."

"Nimekupandisha ngazi za kwa mama mgongoni!"

"Najua."

"Mama amekukanda paja kwa dawa ya farasi!"

"Ile dawa iliniunguza, Mala, haki ya Mungu."

"Afadhali ilikuunguza."

"Tuliapishwa," akasema. "Tusimwambie mtu, hata wake zetu. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningekukanyaga mguu chini ya meza. Ningekukonyeza. Ningefanya chochote, Enda, maana wewe ni ndugu yangu."

Akaniwekea mkono begani. Nikauondoa, nikanawa uso, nikatoka.

Mtaniuliza kwa nini sikuvua jezi nikaondoka zangu. Ningeondoka nikapite wapi? Basi la Kilbrody lilikuwa limeshafika, na mama alikuwa ameshakaa jukwaani. Nilivaa.

Kabla ya fainali timu mbili huandamana sambamba nyuma ya bendi, namba kwa namba, zikizunguka uwanja. Mtu wangu wa kando hakuwa namba kumi na nne wao. Fintan alikuwa amebadilishana nafasi na mwenzake ili aandamane nami.

"Shemeji," akanong'ona huku anatazama mbele, "pole sana."

"Pole ya nini?"

"Kukutembeza hivi mbele za watu halafu wakutoe. Sio uungwana."

Miguu yangu ilitaka kusimama. Bendi haikuiruhusu.

"Umejuaje wewe?"

"Jamani! Dervla hajakwambia?"

"Dervla hajui kitu. Hata mimi nimejua leo."

Akageuka akanitazama, akasahau kabisa kamera. "Attracta alimwambia Dervla tangu Jumanne. Enda hana siri kwa mkewe. Dervla akaniambia mimi. Mala, nilidhani usiku uleule amekwambia na wewe."

"Hakuniambia."

"Alisema hana moyo wa kukuharibia wiki yako."

Dada yangu alijua, mke wangu alijua. Alikuwa amenipikia, amenipigia pasi, amenisikiliza kitandani nikimweleza goli nitakalofunga, na siku zote hizo anajua. Huruma ya namna hiyo sijui mtu anaifanyia nini.

Tukapita chini ya jukwaa la watu wetu. Kilbrody nzima ilikuwa imesimama. Mama alikuwa anapunga skafu kwa mikono miwili, analia na kucheka. Kando yake Dervla alikuwa amekaa, ameinamisha kichwa.

Hata hivyo jezi ni jezi. Wimbo wa taifa ulipokwisha nilimkimbilia Batt kwenye mstari.

"Kocha, wanajua! Wanajua ni Enda. Badilisha!"

"Nenda kakae."

"Kocha, nakuapia..."

"Nimesema kakae, Malachy."

Kipaza sauti kikatangaza mabadiliko: anatoka Drohan, anaingia Scully. Jukwaa zima likaguna, kisha likacheka, kwa jinsi watu wanavyopenda ujanja wa kocha. Kilbrody haikucheka. Nilitembea mpaka benchi nikiwa nimevaa helmeti ili wasinione uso. Nilipochungulia, skafu ya mama ilikuwa bado iko juu, lakini ilikuwa haipungwi tena.

Kipindi cha kwanza sina haja ya kuwachosha. Kila mpira uliopigwa kuelekea kwa Enda ulimkuta Fintan ameshafika, na mwenzake mmoja nyuma yake amesimama pale ambapo Enda hupenda kukimbilia. Walikuwa wamemsoma mpaka anavyopumua. Enda hakupata hata pointi moja, sembuse goli. Karibu na mapumziko akanyoosha mkono kudaka mpira wa juu, na fimbo ya Fintan ikashukia vidole vyake. Mlio wake tuliusikia benchini.

Tukaingia chumbani tukiwa nyuma kwa magoli mawili.

Daktari alikuwa anamfunga Enda vidole. Batt alisimama katikati ya chumba, hakunadi, alisema polepole.

"Kuna mtu amewaambia."

Akatutazama mmoja mmoja.

"Na mtu mmoja tu alinijia kabla mpira haujarushwa, akaniambia wanajua. Huyo mtu alijuaje?"

Vichwa vyote vikanigeukia.

Nchi hii mtu anaweza kuiba, kulewa na kutelekeza watoto, na akifa bado atapata wa kubeba jeneza lake. Mtoa siri hapati. Babu akiitwa mtoa siri, wajukuu wake wanaitwa vivyo hivyo shuleni, na hakuna anayekumbuka tena siri yenyewe ilikuwa nini.

"Mimi nimejua leo hotelini, kama mlivyoona," nikasema. "Ningewaambia lini, na simu iko kwenye ndoo?"

"Basi ulijuaje kwamba wanajua?" akauliza nahodha.

Nikamtazama Enda. Alikuwa ananitazama pia. Akasimama, mkono wake umefungwa bandeji, na moyo wangu ukafunguka kidogo. Nikasema moyoni, haya, ndiye huyu sasa, ndugu yangu, anasema ukweli.

"Nilimwona kwenye gwaride," Enda akasema. "Yeye na Fintan. Njia nzima walikuwa wananong'onezana."

Watu wakaguna. Mmoja akatema mate sakafuni karibu na kiatu changu.

"Enda," nikasema, "ulimwambia nani? Sema. Ulimwambia nani nyumbani kwako?"

"Nyumbani kwangu kuna mtu mmoja tu, Mala." Akasema taratibu, kila neno na nafasi yake. "Na huyo ni dada yako."

Nikaelewa. Nikimtaja yeye, nimemtaja Attracta. Jina lake lingefika kanisani kabla yake, na dukani, na kwenye lango la shule ya wanawe. Enda alikuwa amesimama nyuma ya sketi ya dada yangu, na alijua kwamba siwezi kurusha jiwe.

Batt akaokota jezi iliyokuwa imeanguka, akaikung'uta.

"Enda hawezi kuendelea," akasema. "Sina mwingine wa kugombea mipira ya juu, ila wewe. Nataka kukuingiza, Malachy. Lakini siingizi mtu ambaye wenzake hawatampa mpira. Waambie. Nani?"

"Kocha..."

"Jina," akasema nahodha. "Au nenda kakae na mama yako."

Nje bendi ilikuwa inamaliza. Refa akagonga mlango mara moja.

Nilimfikiria mama na skafu yake hewani. Nililifikiria lile shuka kwenye nguzo za njia panda, na wazee wa Kilbrody makaburini. Nilifikiria pia pasi ikirudi mahali palipokwisha kunyooka, na hasira ikanipanda kutoka miguuni. Nikajiambia kwamba angalau hilo ni kweli.

"Dervla," nikasema. "Mke wangu. Yeye ndiye aliyemwambia kaka yake. Fintan mwenyewe kaniambia kwenye gwaride."

"Na yeye alijuaje?"

"Alimwona Enda akiruka uzio wa shamba. Hakuniambia mimi. Akaenda kwa Fintan."

Uongo huo wa mwisho ulinitoka laini kabisa, kama nilikuwa nimeuhifadhi. Enda akakaa chini, akashusha pumzi, akafumba macho.

"Nilisema!" Batt akapiga kiganja ukutani. "Si nilisema mimi? Ng'ambo ya mto!" Kisha akanishika shingo kwa mikono miwili, kwa mapenzi kabisa, kama baba. "Pole, mwanangu. Si kosa lako. Kifunge hicho kidonda, ukamlipizie kaka yake."

Nahodha akanipa fimbo yangu. Wote wakanipigapiga mgongoni, hata yule aliyetema mate.

Nilipotoka kwenye njia ya kuingilia uwanjani, kipaza sauti kikaita jina langu, na Kilbrody ikalipuka. Sijawahi kusikia kelele kama ile, na ilikuwa yangu. Nilikimbia mpaka mbele ya goli lao. Fintan akaninyooshea mkono, nikaupita.

Nikainua macho kumtafuta mama.

Dervla alikuwa amesimama. Katikati ya watu wangu, na jezi ya kwao mwilini, alikuwa amesimama juu ya kiti, ananipigia makofi mikono ikiwa juu ya kichwa, anaita jina langu mpaka mishipa ya shingo inaonekana. Watu wa kwao waliokaa safu za jirani walikuwa wanamtazama kama mwendawazimu. Mama alikuwa amemshika kiuno asianguke.

Chini yao, kwenye uzio, mbeba maji wetu alikuwa ameinama, anamwambia jambo mtu wa Kilbrody aliyekaa safu ya mbele. Alikuwa chumbani na sisi. Alisikia yote.

Yule mtu wa mbele akageuka akamwambia wa nyuma yake. Wa nyuma akainuka, akatazama juu, akakaa, akamwambia wa nyuma yake. Niliona neno likipanda jukwaani safu kwa safu, na kila lilipofika makofi yalikoma. Nilipunga mkono. Nilipiga kelele, "Dervla, shuka! Dervla, njoo huku!" Akadhani nashangilia, akanirushia busu.

Mzee mmoja wa parokia yetu akamwinamia mama sikioni. Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akautoa mkono wake kwenye kiuno cha mke wangu.

Refa akapuliza filimbi, na mpira wa kwanza wa kipindi cha pili ukapigwa juu sana, ukawa unashuka kwangu.